Kipindi cha kusoma saa kimeishia kwenye chungwa na tochi, mtaaluma (mwalimu wa taaluma) kanikuta. Nilikosea wapi?

ChakiNyeupe

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku mkoa wa Tanga, nafundisha Hisabati darasa la nne, huu mwaka wangu wa tatu kazini kwa hiyo hata mama wa uji bado ananiita mwalimu mgeni. Naomba niweke jambo langu hapa mnipe ukweli, hata kama ni wa kunichana nichaneni tu.

Jumanne iliyopita kipindi cha pili nilikuwa na mada ndogo ya kusoma saa. Andalio la somo limesainiwa, saa kubwa nimeichora ubaoni, zana zipo. Nikaweka mshale mfupi kwenye 7, mrefu kwenye 12, nauliza saa ngapi, darasa zima linaitika saa moja kamiliii. Sasa kuna katoto kamoja huwa hakaongei kabisa, kakanyoosha kidole, "Mwalimu mshale uko kwenye saba mbona sisi tunasema moja, aliyekosea ni aliyetengeneza saa au ni sisi?"

Nikataka kumjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu, kaa chini, toa sita. Kabla sijamaliza mwingine anadakia, huyu alihamia kwetu mwaka huu kutoka Kigoma, anasema tena hiyo saa ya huku ni ya uongo, kwetu saa kumi na mbili asubuhi ni giza totoro, huku tukiwahi namba jua linakaribia kutoka. Hapo darasa likalipuka. Wengine wanamwambia muongo, wengine wanasema ni kwa sababu Kigoma kuna milima, mmoja anasema ni ziwa linachelewesha jua, halafu binti mmoja wa dawati la mbele akasema jua ni kama foleni ya maji bombani, sisi tumekaa karibu na bomba ndio maana tunateka kwanza. Wakuu mimi nilisimama na chaki mkononi nikasema hiki ndicho kitu sikufundishwa chuoni.

Globu hatuna. Ila Tanga mtu hakosi chungwa, nikachukua moja kwenye mkoba wangu, nikatoboa kijiti katikati, nikaweka nukta mbili za kalamu, hii Tanga hii Kigoma, madirisha tukaziba na kanga yangu na sweta za watoto, nikawasha tochi ya simu. Nukta ya Tanga inaingia kwenye mwanga, ya Kigoma bado giza. Kelele iliyopigwa hapo sijawahi kuisikia kwenye somo la Hisabati. Na ndipo mtaaluma akafungua mlango. Watoto 87 wamesimama juu ya madawati, mwalimu kashika chungwa.

Aliniuliza swali moja tu, "Hii ni Hisabati?" Ofisini ndio nikaongezewa, kwamba mada haijaisha, azimio la kazi linasema wiki hii niwe nimefika robo na nusu saa, upimaji wa darasa la nne ni Oktoba, na akija mdhibiti ubora nitamuonesha nini, maganda? Na kwa haki yake, hajakosea sana, maana dakika 40 ziliisha na daftari zina tarehe na kichwa cha habari basi.

Swali langu sasa. Darasa likijipeleka lenyewe sehemu ambayo hukupanga, unajuaje hapa niache liende na hapa nikate? Na ukishaliacha, unaandika nini kwenye andalio? Ile sehemu ya tathmini nimeiacha wazi mpaka leo.

---

Fundi Madaftari

Pole mwalimu, na hongera kwa chungwa. Nina miaka 19 kwenye hii kazi, kilichokuponza ni pazia, watu hawaogopi mjadala wanaogopa darasa lililozibwa madirisha hahaha.

Mimi huwa naangalia kitu kimoja tu, je swali la mtoto limeng'ang'ania mada au limeruka. La kwako liling'ang'ania. Mtoto kauliza kwa nini 7 inasomwa moja kwenye kipindi cha kusoma saa, huyo hajatoka nje ya somo, ameingia ndani kuliko wewe. Angeuliza simu ya bei gani ina saa nzuri hapo ungemwambia tutaonana mapumziko.

Yale yaliyoruka usiyatupe. Nimebandika manila nyuma ya darasa, swali likija la mbali mtoto anaenda kuliandika mwenyewe kwa mkono wake na jina lake. Ijumaa kipindi cha mwisho tunafungua mawili. Lakini usipofungua hiyo Ijumaa hata mara mbili tu, watoto wanajua ni danganya toto, wanaacha kuuliza, na manila inabaki pambo.

---

Mama Wawili

Mie sio mwalimu, mzazi tu, naomba nisishambuliwe. Mwanangu akirudi nyumbani naangalia daftari maana ndicho ninachoweza kuona, darasani siingii. Nikikuta tarehe tupu ninasema mwalimu hakuingia. Sasa nyie mnapiga stori nzuri sana humo ndani na mimi huku nalipa tuisheni ya jioni ili afundishwe nini, ile ile saa? Mtihani haumuulizi chungwa.

---

ChakiNyeupe

@Mama Wawili hapana mama hushambuliwi, umenigusa penyewe. Hata wangu mwenyewe namkagua hivyo hivyo kwa daftari.

---

Longitudo

Mimi nipo sekondari, Jiografia. Ngoja niwaambie kwa nini nimecheka kwa uchungu. Kidato kuna hesabu ya kutafuta saa ya mahali kwa kutumia longitudo, na kila mwaka inaangusha watoto kama embe za upepo. Wanakariri digrii 15 ni saa moja, digrii 1 ni dakika 4, ukimuuliza maana yake nini hajui, anajua tu kuzidisha. Huyo mtoto wa Kigoma wa darasa la nne ameileta hesabu hiyo kutoka nyumbani kwao bure kabisa.

Twende nayo. Tanga iko kama digrii 39 mashariki, Kigoma kama 29 na nusu. Tofauti digrii 9 na nusu, zidisha kwa 4 unapata dakika 38. Nchi nzima tunatumia saa moja, ile ya longitudo ya 45, ambayo hata haipiti kwetu, iko baharini huko mashariki. Kwa hiyo Tanga jua linatoka kuanzia kama saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili na nusu na kidogo kutegemea mwezi, Kigoma ongeza hizo 38, miezi mingine inakaribia saa moja au inaipita. Dogo hakudanganya hata neno moja. Yule wa foleni ya bomba naye mpe pipi kutoka kwangu.

Na kuhusu nani alikosea. Hakuna. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribiana kulingana mwaka mzima, hivyo ukianza kuhesabu pale kunapopambazuka, saa inayofuata ni ya kwanza, haikutupi. Wahabeshi, watu wa Ethiopia, nao wanahesabu hivi hivi. Mtu wa London hawezi, Juni ana mwanga karibu saa 16 na nusu na Desemba haufiki hata saa 8, sasa saa moja yake ataiweka wapi? Yeye ikabidi aanzie katikati ya usiku, akiwa amelala. Saa za dukani zinafuata namba zake, midomo yetu inafuata jua. Haya yote ungeweza kuyaandika ubaoni kwa mistari minne ya mwisho na Mama Wawili angeyaona daftarini.

---

Kipa wa Zamu

Naomba niwe wa kuharibu sherehe. Mimi niliwahi kuacha darasa liende. Darasa la sita, mada ya namba hasi na namba chanya, mmoja kasema hasi ni kama Yanga leo, basi. Simba walisimama upande huu Yanga upande huu, nikasema ngoja niwaache, wanajenga hoja. Dakika 30 nzima. Nani kaanzishwa kwanza, 1935 na 1936, nani kafungwa ngapi, mama wa nani anashabikia nini. Kengele ikalia, nikawauliza tumejifunza nini, kimya. Tangu siku hiyo mimi nafuata andalio, mjadala nje.

---

Longitudo

@Kipa wa Zamu mkuu hapo mpira ulikuwa miguuni kwako golini peke yako ukapaisha. Tofauti ya magoli ni nini kama sio namba hasi? Timu imefunga 12 imefungwa 17, iko hasi 5, leo imeshinda 3 kwa 0, sasa iko ngapi? Hiyo ndiyo mada yako yote. Ungechora msimamo wa ligi ubaoni na kuwaambia mwenye hoja aje ajaze, kelele zingeisha zenyewe maana mwenye kelele hajui kutoa.

---

Kipa wa Zamu

Sasa hayo nimeyajua leo saa 2 usiku nikiwa kitandani. Darasani kichwa hakikimbii hivyo, una watoto tisini wanakuangalia na jasho linakutoka. Hata wewe usijifanye.

---

Longitudo

Hahaha kweli. Mimi yangu mengi nayajua nikiwa kwenye bodaboda narudi nyumbani. Lakini kesho yake unarudi nayo! Nani alisema mjadala lazima umalizwe siku hiyo hiyo? Waambie jana mlinishinda, leo nimejipanga. Wanapenda kweli kusikia mwalimu kashindwa.

---

Mwalimu wa Pwani KE

Hamjambo majirani. Mimi niko Kilifi, gredi ya tano. Hapa kwetu hii mitaala mipya inatuambia mtoto ndiye aongoze, kwa karatasi ni sawa, lakini skimu ni ile ile na rekodi ya kazi lazima ijazwe kila wiki, kwa hivyo shida zetu ni ndugu.

Langu lilikuwa la maji. Nilikuwa nasomesha mwezi, umbo lake, mwezi mwandamo, nusu, mpevu. Kijana mmoja, babake ni mvuvi, akasema "Tichaa mwezi ukiwa mzima babangu haendi mahali pa kawaida, ni bamvua." Wenzake wa mjini hawajui bamvua ni nini. Mimi mwenyewe ni mtu wa bara, nilijua neno tu. Nikamwambia njoo hapa mbele, wewe ndiwe mwalimu, mimi nikakaa kwa dawati lake. Akaeleza vizuri ajabu, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na hutoka sana, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali, na kila siku yanachelewa kuliko jana. Nikamuuliza yanachelewa kiasi gani, akasema "si saa nzima, pungufu." Na ni kweli, ni kama dakika 50 hivi.

Ile ilinifunza jambo. Nilikuwa nimemhesabu kama mtoto dhaifu kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kukokota. Mada hiyo kwa Kiingereza hangefungua mdomo. Niliporuhusu Kiswahili na Kigiriama kidogo, ndio bahari ikaingia darasani. Kwa rekodi niliandika tu, "mwanafunzi alieleza uhusiano wa mwezi na maji ya bahari kwa mfano wa nyumbani." Hakuna aliyeniuliza.

---

Bi Ashura Mstaafu

Wanangu salaam. Nimestaafu lakini masikio bado yako darasani.

Mwanangu ChakiNyeupe, nakuuliza, katika hao 87 waliosema ni wangapi? Usinijibu kwa haraka. Mimi miaka mingi nilijisifu nina darasa lenye mijadala, mpaka siku moja msimamizi wa mafunzo alikaa nyuma akaweka alama kila mtoto anapoongea, mwisho wa kipindi akanionesha karatasi, sauti zote zile zilikuwa za watoto saba, na watano ni wavulana wa madawati ya mbele. Wengine walikuwa watazamaji wa sinema. Nikajifunza kwamba likitokea swali kama hilo la saa, kabla mtu yeyote hajanyoosha kidole, nawaambia kila mmoja amnong'oneze jirani yake anavyofikiri, dakika moja. Hapo hata yule bubu wa darasa keshasema mara moja. Halafu namwita yeye aseme alichosema jirani, sio alichosema yeye, maana mtoto mwoga anaogopa la kwake ila la mwenzake anaweza kulibeba.

Na lipo la kukata. Maongezi yakianza kumgusa mtoto mmoja na nyumba yao, baba yuko wapi, mnakula nini, mbona viatu hivyo, kata papo hapo hata kama yanahusu mada. Niliwahi kuchelewa kukata, sisemi zaidi.

Mtaaluma wako msamehe. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea alitaka elimu impe kijana akili ya kudadisi, tukayasoma chuoni tukayajibia mtihani tukafaulu, kisha tukaingia darasani tukasema kimya wote. Yeye ni zao letu.

---

ChakiNyeupe

Bi Ashura shikamoo. Nimekaa nikawahesabu kichwani. Walioongea kweli ni kama kumi, na safu za nyuma nadhani hata chungwa hawakuliona, wameona mgongo wangu tu. Asante mama.

Naleta mrejesho sasa maana leo ni Jumatatu na mambo yametokea.

Alhamisi nilirudi na andalio jipya, mada ile ile. Sikuwapa jibu. Niliwapa kazi, nusu wakaangalie jua linapotoka ukuta wa nyumba yao saa inaonesha ngapi, nusu wakaangalie linapozama. Mwenye simu nyumbani na ndugu mbali aombe kupiga. Nikategemea watatu wanne hivi watakumbuka. Waliokuja na karatasi ni zaidi ya hamsini, nyingine zimeandikwa juu ya karatasi ya vitumbua. Majibu ya hovyo mengi, mmoja kaandika jua limetoka saa nne, nikamuuliza ikawa ndio saa aliyoamka.

Sasa mtoto wa Kigoma. Bibi yake alimpigia shangazi wa Kigoma Ijumaa jioni, Tanga wanaadhini magharibi, simu imewekwa spika, shangazi anasema huku jua bado lipo, watoto wako nje wanacheza, adhana wameisikia kama dakika arobaini baadae walipopiga tena. Amekuja kulisema hilo mbele, amesimama wima kama diwani. Na kuna mwenzake Muislamu akasema ndio maana mwezi wa Ramadhani redio ya Dar ikiadhini mjomba wake wa Kigoma anasema subirini hiyo sio yetu. Dakika 38 za @Longitudo zikawa zimejileta zenyewe kabla sijaandika hesabu yoyote.

Lakini kilichonitoa jasho ni kitu kingine. Nikarudi kwenye ile "toa sita". Mmoja akasema mwalimu hiyo sheria mbovu, mshale ukiwa kwenye 3 unatoaje sita? Nikabaki. Miaka yote nimesema toa sita, na ni kweli kwenye 1 mpaka 6 inabidi ujumlishe. Wakanong'onezana kama Bi Ashura alivyosema, kelele za nyuki, kisha safu ya nyuma kabisa, ambako sijawahi kupata jibu tangu Januari, wakasema usitoe usijumlishe, angalia namba inayotazamana nayo. 7 inatazamana na 1. 3 inatazamana na 9. 12 na 6. Mshale mfupi ukiwa kwenye 3 soma ng'ambo yake, saa tisa. Wakuu mimi nina cheti na sikuwahi kuona hilo.

Tukaandika daftarini, michoro mitatu ya saa, sheria ya ng'ambo, na mistari minne kuhusu jua. @Mama Wawili ningependa uone. Robo na nusu nimezifanya leo, bado niko nyuma kipindi kimoja, sitadanganya.

Mtaaluma nilimpelekea andalio. Kwenye tathmini nimeandika walichosema safu ya nyuma, neno kwa neno. Amelisoma, akachukua saa yake ya mkononi akaangalia ng'ambo, akaangalia tena, akasaini. Hakusema kitu. Ila kanga yangu amesema isirudi dirishani.

---

Mama Wawili

Nimeijaribu kwenye saa ya sebuleni. Mume wangu naye anaijaribu. Sawa mwalimu, nimenyoosha mikono, ila daftari endelea kuandikisha.

---

Kipa wa Zamu

Kesho nabandika msimamo wa ligi. Mkiona kimya mjue nimeshikwa.

---

ChakiNyeupe

Nimesahau la mwisho. Wakati natoka, yule yule asiyeongea, aliyeanzisha yote haya, kanifuata mlangoni, "Mwalimu na siku je? Jumatano ni ya tano, na babu anasema Alhamisi nayo ni tano kwa Kiarabu. Zinakuwaje tano mbili?" Nimemwambia aandike kwenye manila, kama ile ya @Fundi Madaftari. Sina jibu na Ijumaa inakuja, nisaidieni.

---

Bi Ashura Mstaafu

Babu yake yuko sahihi. Waswahili tulianza kuhesabu baada ya Ijumaa, Jumamosi ndiyo ya kwanza, ukienda hivyo unafika tano siku ya Jumatano. Waarabu wameanza siku ya Jumapili, al-ahad, ndiyo ya kwanza yao, wakafika khamis, ya tano, siku inayofuata. Sisi tukahesabu kwa namba zetu mpaka tano, kisha mbili zilizobaki tukazichukua zao, Alhamisi na Ijumaa.

Lakini nimekuambia wewe, sio yeye. Ijumaa mwite babu mlangoni.